Mlikuwa Wapi? Swali kwa Wapenzi wa Jazi

Sisi ni wapiga tarumbeta wa usharika. Siku za sikukuu tunapiga mbele ya kanisa, kwenye harusi tunatangulia maharusi, na kwenye mazishi tunaongoza jeneza kutoka nyumbani hadi kaburini. Tunapiga nyimbo za kitabuni kwa sauti nne, kama tulivyofundishwa na waliotutangulia: kila mmoja na noti zake, hakuna kuongeza wala kupunguza. Kwa kazi hiyo wengi wanatujua. Wasichokijua wengi ni kwamba kwa miaka kadhaa sasa saba kati yetu tumekuwa wapenzi wa muziki wa jazi. Tunaandika juu ya upendo huo, na juu ya maswali mawili ambayo mzee mmoja wa kanisa alituuliza kwa sababu yake. La kwanza tulilijibu haraka. La pili bado linatufuata.

Tuanze na neno lenyewe. Ukitaja jazi kwetu, wazazi wanakumbuka Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Atomic Jazz ya Tanga, na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Bendi hizo zilibeba jina la jazi, lakini muziki wao ulikuwa wa dansi, wa magitaa na midundo iliyopitia Cuba na Kongo. Sisi pia tulidhani jazi ni hiyo. Kisha mwenzetu mmoja, akitafuta kwenye simu namna bora ya kutumia pumzi katika tarumbeta, akamkuta Louis Armstrong. Jumamosi iliyofuata alituletea kabla ya mazoezi, tukasikiliza tumesimama, matarumbeta yetu bado yamo mifukoni.

Hatukuupenda mara moja. Wimbo ulianza vizuri, kama nyimbo zetu, halafu mpigaji akauacha. Akaenda kwingine, akapanda, akashuka, akacheka, na wenzake wakaendelea chini yake kana kwamba hakuna kilichoharibika. Mmoja wetu alisema, “Huyu amepoteza ukurasa.” Ilituchukua wiki kadhaa kuelewa kwamba hakupotea. Chini ya kila alichobuni, wimbo ule ule ulikuwa ukiendelea, na yeye alikuwa akiusikia muda wote. Akimaliza, mwingine anachukua zamu, na yule wa kwanza anashusha sauti ili mwenzake asikike. Mwisho wote wanarudi kwenye wimbo walioanza nao.

Tulipoelewa hivyo, tulikumbuka maagizo ya Mtume Paulo kwa Wakorintho: mmoja akiwa anasema, na mwingine aliyeketi akafunuliwa jambo, yule wa kwanza anyamaze, ili wote wapate kusema, mmoja baada ya mwingine (1 Wakorintho 14:30-31). Tulikuwa tumelisoma fungu hilo mara nyingi. Hatukuwahi kulisikia.

Tulitafuta chimbuko la muziki huu, tukafika New Orleans, kusini mwa Marekani. Pale watu weusi, watumwa na wazao wa watumwa, walikuwa na ngoma za mababu, nyimbo za kanisani, nyimbo za huzuni za mashambani, na bendi za matarumbeta. Vyote vikachanganyika. Tena tukakuta jambo lililotugusa kuliko yote: mazishi yao. Bendi inatangulia maiti ikipiga nyimbo za kanisa polepole, hatua kwa hatua. Wakishamzika mtu wao na kuliacha kaburi nyuma, mdundo unabadilika, tarumbeta linapaa, na watu wanarudi mjini wakicheza. Tulitazamana. Nusu ya kwanza ilikuwa kazi yetu hasa. Nusu ya pili, tukiithubutu huku kwetu, wafiwa wangetuuliza kama tumekunywa. Lakini hatukuweza kusema kwamba ilikuwa na kosa. Watu hao walikuwa wameulilia mwili, kisha wakatangaza kwamba kifo hakikupata neno la mwisho. Nasi tunaungama hivyo kila Jumapili, ingawa mara nyingi kwa nyuso za watu wasioamini.

Basi tukawa na desturi. Kila Jumamosi usiku tulikutana sebuleni kwa mwenzetu mmoja, tukanunua spika nzuri kwa kuchangishana, tukasikiliza na kuzungumza. Habari ikamfikia mzee wa kanisa anayelea kikundi chetu, na jioni moja akaja. Tulimwamkia, akaketi, akakubali chai. Kisha akauliza, “Wanangu, muziki huu ulizaliwa wapi?”

Tulimweleza kwa furaha, kama wanafunzi wanaolijua jibu: New Orleans, nyimbo za kanisa, mazishi. Akatikisa kichwa. “Na baa je? Na madanguro?” Hapo tulikiri. Mji ule ulikuwa na mtaa wa ukahaba, Storyville, uliofungwa mwaka 1917, na wapigaji wengi wa mwanzo walipata riziki yao humo. Armstrong mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1901, alipokuwa kijana alipeleka makaa ya mawe huko. Tukamwambia pia habari za Charlie Parker, mpiga saksafoni wa ajabu, aliyeharibiwa na heroini na pombe, akafariki mwaka 1955 akiwa na miaka 34.

Mzee hakufurahi kwamba amepata ushahidi. Alitueleza habari za mdogo wake, ambazo hatukuwahi kuzisikia. Alikuwa mpiga saksafoni katika bendi ya dansi. Alianza kunywa ukumbini, akamwacha mke na watoto, na alikufa peke yake katika chumba cha kupanga. Jirani waligundua baada ya siku mbili. “Mimi siogopi sauti,” mzee alisema. “Naiogopa njia ambayo sauti inapitia.”

Tulimjibu kwa Maandiko. Tulimkumbusha kwamba wa kwanza kutajwa katika Biblia kwa kupiga kinubi na filimbi ni Yubali, na Yubali alitoka katika uzao wa Kaini (Mwanzo 4:21). Kama chimbuko ndilo linaloamua, basi Daudi asingekigusa kinubi mbele ya Sauli. Mungu hakungoja muziki uzaliwe mahali safi ndipo autumie. Na matarumbeta yetu nayo: kabla ya kuingia kanisani yalikuwa mali ya majeshi, yakiwaita watu kwenda kuua. Mzee alisikiliza, akasema hoja ni nzuri, akaaga. Tuliona tumeshinda.

Tunaamini hata leo kwamba hoja ile ni ya kweli. Lakini mtu anaweza kuwa na hoja ya kweli na bado akawa amepotea, nasi tulikuwa tukipotea. Tulianza kuwacheka wenzetu wa kwaya na kinanda chao chenye midundo iliyopangwa kiwandani. Ibadani tulihesabu makosa ya wengine. Tulijifunza majina ya wapigaji na miaka ya sahani zao, na tukayataja mbele ya watu wasioyajua ili wajue kwamba hawayajui. Tulipokutana Jumamosi tulizima simu, tukiita jambo hilo heshima kwa muziki.

Usiku mmoja wa Jumamosi, mama mmoja wa jumuiya yetu, mjane, aliona mtoto wake amepanda homa na kuanza kutetemeka. Mwenzetu mmoja ndiye mwenye gari katika jirani ile. Mama alipiga simu yake haikupatikana, akapiga ya mwingine, nayo hivyo hivyo. Alimfunga mtoto mgongoni, akatembea gizani hadi barabara kuu, akapata bodaboda. Mtoto alitibiwa akapona, tunamshukuru Mungu. Lakini saa ile mama akitembea, sisi tulikuwa mita mia chache kutoka nyumbani kwake, tumefumba macho, tukisikiliza.

Jumapili baada ya ibada mzee alitusimamisha nje. Hakutaja jazi. Aliuliza tu, “Mlikuwa wapi?”

Hilo ndilo swali la pili. Lilitupeleka kwa nabii Amosi, ambaye tulikuwa tumemruka tulipokuwa tukikusanya mafungu ya kujitetea. Amosi anawalaumu watu waliostarehe, wanaobuni nyimbo kwa vinubi na kujiona kama akina Daudi. Ukiendelea kusoma unaona uzito wa lawama yake: watu hao hawaumizwi na maangamizi ya Yusufu, yaani maumivu ya watu wao wenyewe (Amosi 6:5-6). Muziki wao unaweza kuwa mzuri kabisa. Umewaziba masikio.

Na kwetu aibu ilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa muziki tulioupenda ulitoka kwa watu walioumizwa. Tulikuwa tumechukua kilio chao tukakifanya mto wa kulalia.

Wakati huo ndipo tulipomjua Mary Lou Williams. Alizaliwa mwaka 1910, akawa mpiga piano na mtunzi aliyeheshimiwa na wakubwa wote wa jazi, katika kazi iliyokuwa ya wanaume. Mwaka 1954, akiwa Paris, aliacha kupiga. Alichoka rohoni. Alirudi New York akawa mtu wa sala, na mwaka 1957 akapokelewa katika Kanisa Katoliki. Nyumba yake ndogo ya Harlem akaifungua kwa wanamuziki waliokuwa wagonjwa au watumwa wa dawa za kulevya. Aliwalisha, akawauguza, akaanzisha duka la nguo kuukuu ili kupata fedha za kuwasaidia. Alidhani hataugusa tena muziki. Mapadre na marafiki ndio waliomshauri kwamba kipaji chake nacho ni utumishi. Akarudi, akatunga muziki wa misa kwa jazi, na mwaka 1975 misa hiyo ikapigwa katika Kanisa Kuu la St. Patrick, New York.

Tukifikiri habari zake tunaona kwamba njia ile aliyoiogopa mzee wetu, ile iliyomchukua mdogo wake, Mary Lou aliijua kuliko sisi sote. Hakuibishia. Aliwafungulia mlango waliokuwa wakianguka ndani yake. Laiti mdogo wake mzee angekuwa na mlango kama ule wa Harlem, huenda asingekufa peke yake. Na hapa tunalazimika kujiuliza sisi kanisa: yule mpiga saksafoni alipokuwa akinywa, waumini walikuwa wapi? Walijua ukumbi aliopiga. Waliupita wakienda mazoezi ya kwaya.

Hatukuacha kusikiliza jazi. Tulifikiria kuacha, hata tukataka kuiuza spika, lakini tuliona hiyo ingekuwa njia rahisi ya kuliacha lile swali. Tungeweza kuzima simu kwa ajili ya mpira, au kwa ajili ya maombi. Tulibadilisha utaratibu. Kila Jumamosi, kabla ya kusikiliza, tunagawana wawili wawili, tunatembelea wagonjwa na wafiwa wa jumuiya. Tukirudi tunasimulia tuliyoyaona. Ndipo tunafungua muziki, na simu zinakaa mezani zikiwa wazi. Mara tatu zimelia katikati ya wimbo tukaondoka.

Tumegundua kwamba sasa tunasikia zaidi. Anayetoka kuketi na mgonjwa asiyeweza kusema anaelewa kwa nini mpigaji mzuri huacha nafasi tupu kati ya noti. Na tunapopiga kaburini, noti zetu ni zile zile za kitabuni, lakini tunawatazama wafiwa kabla ya kuvuta pumzi ya kwanza.

Mwaka jana mzee alikuja tena, bila kuitwa. Aliomba tumchagulie kitu kimoja. Tulimwekea sehemu ya mwisho ya A Love Supreme ya John Coltrane, iliyorekodiwa tarehe 9 Desemba 1964. Tulimweleza kwamba babu wawili wa Coltrane walikuwa wachungaji wa Kimethodisti. Kwamba heroini ilikaribia kummaliza, na mwaka 1957 akaiacha akisema ni kwa neema ya Mungu. Na kwamba katika sehemu hii saksafoni inafuata, neno kwa neno, sala aliyoiandika mwenyewe, ingawa hakuna anayeitamka. Tulimweleza pia kwamba baadaye Coltrane alizungumza kwa heshima juu ya dini zote, wala hatudai kwamba imani yake ilikuwa yetu. San Francisco kuna kanisa linalomwita mtakatifu. Sisi hatufiki huko.

Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Sauti ilipokwisha alikaa kimya kwa muda, halafu akasema, “Huyu anaomba. Sijui anamjua vipi anayemwomba, lakini anaomba.” Tulimkumbusha Warumi 8:26, kwamba Roho hutuombea kwa kuugua kusikotamkika. Alisema fungu hilo halisemi juu ya saksafoni. Ni kweli, halisemi. Kisha akauliza kama tuna mwingine mfupi, kwa sababu mdogo wake alikuwa akipiga chombo hicho, na ilikuwa zaidi ya miaka thelathini hajakisikia kwa hiari yake.

Ndugu msomaji, pengine wewe huipendi jazi. Una chako: mpira, kwaya, shamba la maua, vitabu. Hatuamini kwamba Mungu anakuonea wivu kwa kufurahi. Alimpa Yubali vidole na Coltrane pumzi. Ila siku moja, baada ya furaha yako, mtu atakusimamisha nje ya kanisa akuulize ulikuwa wapi. Tunaomba uwe na jibu.