Meli Isiyofika Colombo

Mwanzoni mwa Februari 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, meli ya Khedive Ismail iling'oa nanga Mombasa kwenda Colombo. Ndani walikuwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Wiki moja baadaye, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani iliipiga kwa topido. Ilizama kabla ya dakika mbili kwisha. Watu 1,297 walipotea. Bahari ndiyo kaburi lao.

Vita havikuwa vyao, lakini msiba ulikuwa wetu. Leo, ukimwona mzee wa ukoo wako, muulize: katika ukoo wetu, nani alikwenda vitani asirudi? Akikutajia jina, liandike.