Amri na Amana

Mikononi, kazi ya dereva wa jeshi na kazi ya dereva wa kamyo ya biashara hazina tofauti kubwa. Usukani ni ule ule, gia ni zile zile, na mteremko wa Ngomo, pale barabara ya Bukavu inapoporomoka kuelekea Kamanyola, haumuulizi mtu kama amevaa sare. Ndiyo maana askari wa Kivu ya Kusini anayerudi uraiani huambiwa upesi kwamba riziki yake anayo tayari: gari analijua, akatafute kamyo. Ushauri huo una huruma na una ukweli ndani yake, lakini unaruka swali ambalo kwangu ni la kiroho kabla ya kuwa la mfukoni. Dereva huyu sasa atajibu kwa nani? Jeshini mzigo ulikuwa na mtumaji. Yeye aliambiwa saa ya kuondoka, nafasi yake katika msafara na mahali pa kushusha, na kilichofunikwa na turubai hakikumhusu. Kutouliza kulikuwa sehemu ya nidhamu. Kamyo ya biashara ina watu wengi nyuma yake: mama aliyeshona magunia ya muhogo Kamanyola, mwenye duka la Kadutu anayesubiri sabuni, kijana aliyekopa ili apakie matofali. Hakuna kati yao awezaye kumwamuru. Wamemwamini tu, na neno la Kiswahili kwa kitu kilichokabidhiwa hivyo ni amana. Ninashikilia kwamba mtu hatoki jeshini siku anapovua sare, wala siku anapopewa leseni. Anatoka siku anapoacha kujificha nyuma ya amri aliyopewa, akakubali kwamba mzigo uko juu yake.

Hata lugha inashuhudia. Tangu enzi za Force Publique, jeshi la wakoloni, Kilingala ndicho kilichokuwa lugha ya amri jeshini, na soko la Bukavu linaongea Kiswahili na Mashi. Anayetoka kambini kwenda sokoni anatoka katika lugha aliyoizoea kwa kuamuru na kuamriwa, anaingia katika lugha ya kuomba: kuomba njia, kumwomba mama asogeze beseni lake, kumwomba mwenye mzigo avumilie siku moja zaidi kwa sababu gurudumu limepasuka.

Mtu akiwa Nyalukemba, mjini Bukavu, swali la kujibu kwa nani halikwepeki. Mtaa huu wa komini ya Ibanda uko kando ya ziwa, Rwanda inaonekana ng'ambo ya maji, na kila nguvu iliyoushika mji imepita machoni pake. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliushikilia mji kuanzia Agosti mpaka Novemba. Oktoba 1996 waliingia waasi wa AFDL, Agosti 1998 ukawa mikononi mwa waasi wa RCD, Juni 2004 ukashikwa na askari walioasi wa Nkunda na Mutebutsi, na Februari 2025 na waasi wa M23. Jeshi lolote linaloingia linahitaji magari, na magari yanahitaji watu wa kuyaendesha. Mtu ambaye wema wake wote ni utii atabeba leo ya huyu na kesho ya yule, na kila mara atasema kweli tupu akisema aliagizwa. Mwenye gunia la muhogo ni yule yule miaka yote hiyo. Katika mji ambamo mwenye amri hubadilika kiasi hiki, amri haiwezi kuwa msingi wa dhamiri ya mtu, maana msingi haupaswi kuhama.

Nitajibiwa kwamba utii huokoa maisha. Msafara ukishambuliwa, dereva anayesimama kutafakari huwaua wenzake. Ninakubali, na simdharau askari aliyetii vizuri. Lakini hata sheria ya Kongo haikuufanya utii kuwa wa mwisho. Ibara ya 28 ya Katiba ya 2006 inasema kwamba mtu hafungwi kutekeleza amri iliyo haramu waziwazi, na inamwachia anayekataa jukumu la kuonyesha uharamu huo. Ni mzigo mzito kumtwika askari wa cheo cha chini, lakini maana yake ni kwamba hata ndani ya sare dereva alikuwa na dhamiri yake mwenyewe. Biblia nayo ina tukio ambalo wengi hulitumia kutetea utii. Katika Injili ya Luka, askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakamuuliza wafanye nini, naye hakuwaambia waache jeshi. Lakini tusome alichowaagiza: wasiwanyang'anye watu, wasiwasingizie, watosheke na mshahara wao. Juu ya kuwatii wakubwa hakusema lolote. Alizungumzia mali na haki za wengine, yaani amana. Kurani, katika sura ya An-Nisaa, inaagiza vilevile kwamba amana zirudishwe kwa wenyewe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa madereva. Barabarani, wanasema, uhuru huo hauko. Utafiti wa shirika la IPIS uliotolewa 2017 ulihesabu vizuizi 798 katika Kivu mbili, ya Kaskazini na ya Kusini. Kila barieri inataka chake, mwenye kamyo anangoja pesa zake jioni, na watoto hawajui habari ya falsafa. Je, umaskini nao si kamanda? Aristotle alilifikiria jambo la namna hii akitumia mfano wa chombo baharini: dhoruba inapovuma, nahodha hutupa shehena majini ili watu wapone. Hakuna atupaye mali kwa kupenda, na bado mkono uliotupa ni wake, na uamuzi ulikuwa wake. Kulipa kwenye barieri ni kitendo cha aina hiyo, na simhukumu anayelipa. Lakini dhoruba haimsukumi dereva kupandisha watu ishirini juu ya mzigo uliokwisha kuzidi, wala kushuka Ngomo na breki anazojua kuwa ni mbovu. Umaskini humpunguzia mtu njia za kuchagua, na zile chache zinazobaki ni zake kabisa. Tukikana hilo kwa kumhurumia, tunamrudisha kambini, mahali ambapo mwingine ndiye aliyejibu kwa niaba yake.

Tena amana haiishii kwa wenye mzigo. Julai 2, 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, katika bonde la Ruzizi. Mafuta yalimwagika, watu wakakusanyika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 230 walikufa. Walikuwa watu wa kijiji ambacho lori lilikuwa likipita tu. Sisemi haya kumlaumu aliyeshika usukani. Ninasema kwa sababu mtu aliyefundishwa msafara huiona barabara kama eneo la kuvuka haraka, na Sange inatukumbusha kwamba barabara ya kitaifa ni ua wa nyumba za watu.

Linabaki swali la mizigo ya zamani. Kama dereva huyu jeshini aliwahi kubeba mabati yaliyong'olewa kwenye nyumba za watu, je, kamyo ya muhogo inamtakasa? Sidhani kwamba kazi mpya peke yake ni toba. Zakayo, mtoza ushuru, mtu ambaye tungemwelewa vizuri kwenye barieri zetu, hakuridhika na kubadili mwenendo. Aliahidi kurudisha mara nne kwa wale aliowadhulumu. Dereva wetu mara nyingi hawezi kuwajua aliowabebea mali yao. Anachoweza ni kuacha kusema kwamba hayakumhusu. Mipango ya kuwarudisha wapiganaji uraiani, kuanzia CONADER mpaka P-DDRCS iliyoundwa 2021, inaweza kumpa mtu ufundi na vifaa, lakini hakuna anayeweza kukiri kwa niaba yake kwamba yalimhusu.

Na sisi tulio uraiani tuna deni letu. Tunadai kwanza tuhakikishe kwamba amebadilika, ndipo tumkabidhi mzigo, na tunasahau kwamba uaminifu hauna pa kuonekana mpaka mtu akabidhiwe kitu. Lazima mmoja aanze kuamini bila ushahidi, na ni haki aanze kwa kidogo: Kamanyola na kurudi, baadaye Uvira, baadaye mbali zaidi. Mama ana haki ya kuhesabu magunia yake mbele ya shofere, wakati wa kupakia na tena wakati wa kushusha, bila kuona haya. Kambini alihesabiwa yeye, kila asubuhi, na mkubwa wake. Hapa yanahesabiwa magunia, anayehesabu hana cheo chochote juu yake, na shofere anasimama kando ya kamyo akingoja mpaka mama amalize.