Mto Uliokataa Kuingia Visandukuni

Jirani yetu mmoja wa Kihoto, hapa Naivasha, ni mwalimu mstaafu mwenye desturi ambayo watoto wa mtaa waliizoea kitambo. Kila jioni hung'oa karatasi moja ya daftari la hesabu, lile la miraba, akachora fumbo la maneno. Kila siku mada mpya: leo vyakula, kesho viungo vya mwili, kesho kutwa wanyama wa mbuga ya Hell's Gate. Watoto wakimaliza humkimbilia wakitaka kujua kama wamepata. Yeye hawaambii. Husema tu, "Nieleze." Mtoto anapaswa kueleza neno amelitoa wapi, na ni neno gani jingine linalolishuhudia.

Maji ya Ziwa Naivasha yalipotutawanya mwishoni mwa mwaka 2025, mwalimu alihamia kwa mwanawe upande wa Kabati, nami nikapanga chumba si mbali naye. Siku moja nilienda kumjulia hali. Tulikunywa chai, kisha akatoa karatasi mfukoni. "Hili si la watoto," aliniambia. "Mada yake ni ziwa. Lijaze, kisha unieleze."

Naandika yaliyonipata na karatasi ile kwa sababu yanafanana mno na yaliyonipata na ardhi. Najua wako wengine ambao wakati huu wanahesabu akiba yao ili wakanunue kipande mahali ambapo maji yamerudi nyuma.

Fumbo lilikuwa dogo, maneno sita tu. Juu kabisa, mlalo, visanduku vinane: *Wamaasai waliliita kwa mawimbi yake.* Hilo halikunisumbua. Naivasha ni jina la Kimaasai lililopindwa na ndimi za wageni. Asili yake ni Nai'posha, yaani maji yanayochafuka, yanayopanda na kushuka. Niliandika NAIVASHA kwa kalamu ya wino, nikiwa na furaha ya mtu aliyeanza vizuri.

Kutoka herufi ya tano ya neno hilo, ile A ya katikati, palishuka neno la wima lenye visanduku vitano. Kidokezo chake: *Ziwa likirudi nyuma hutuachia hii.* Sikusita hata kidogo. Ziwa likirudi nyuma huacha ardhi. Inaanza na A, ina herufi tano, na mtu yeyote wa hapa ameiona kwa macho yake. Niliandika ARDHI nikaikandamiza kalamu.

Chini kabisa ya neno hilo, herufi yake ya mwisho ilikuwa ya pili katika neno jingine la mlalo, visanduku saba: *Mimea hii ni shahidi wa maji.* Kwa kuwa nilishaandika ARDHI, herufi ya pili ilikuwa I. Mimea, herufi saba, ya pili I. Migunga! Ile miti ya magome ya manjano iliyozunguka ziwa letu, ambayo sasa mingi imesimama mikavu ndani ya maji. MIGUNGA ikaingia kama iliyokatwa kwa kipimo. Herufi yake ya nne, U, ikaanzisha neno la kushuka: *Ziwa lina huu, lakini hausimami mahali pamoja.* UKINGO. Na ile I ya UKINGO ikapitiwa na neno la mwisho, herufi sita: *Mtaa wetu, kwa Kikuyu, hoja ya haki isiyopingika.* KIHOTO.

Maneno matano kati ya sita, chini ya dakika kumi. Lilibaki moja, la mlalo, linalokatiza katikati ya ARDHI: *Mto mkuu uletao maji ziwani*, herufi sita. Jibu ni Malewa. Mtoto wa darasa la nne wa Naivasha anajua kwamba Malewa hutoka milima ya Nyandarua na ndio unaoleta sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili. Lakini herufi ya pili ya mto huo ilipaswa kuwa D, ile D ya ARDHI. Nikajaribu Gilgil, herufi sita pia, ukakataa. Nikajaribu Karati, ule unaojaa nyakati za mvua, nao herufi sita, ukakataa. Mito yote mitatu ninayoijua, ambayo naiona kila mwaka, haikuingia.

Basi nikafanya nini? Hapa ndipo ninapoomba msomaji anisikilize vizuri. Sikuitilia shaka ARDHI. Niliutilia shaka mto. Nikamwambia mzee wangu wa watu, kwa heshima lakini kwa uhakika wote, "Mwalimu, nadhani hapa umekosea kuhesabu visanduku."

Hakunijibu. Alisema, "Nieleze. Anza na ardhi. Nani anaishuhudia?"

Nikasema migunga. "Na migunga nani anaishuhudia?" Nikasema ardhi. Nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe nikanyamaza. Nilikuwa nimetumia kosa kulithibitisha kosa jingine. UKINGO uliingia kwa sababu U iko mahali palepale hata kama mimea ile si migunga, na KIHOTO iliingia kwa sababu ya UKINGO. Maneno ya kweli yalikuwa yamejipanga nyuma ya maneno ya uongo, yakanipa moyo nisiostahili kuwa nao. Shahidi mmoja tu, mto, ndiye aliyekuwa akisema hapana, na huyo ndiye niliyemwambia amekosea.

Neno la visanduku vitano lilikuwa AMANA. Mimea ile ilikuwa MAFUNJO. Ukiandika AMANA, herufi yake ya tatu ni A, na Malewa unapita bila kusukumwa.

Mwalimu alinieleza kwa nini alichagua neno hilo, na maelezo yake yalikuwa na uzito kuliko fumbo lenyewe. Ziwa Naivasha halina mto unaotoka juu ya ardhi. Maji yake hupenya chini kwa chini, ndiyo maana ni matamu wakati majirani wake Nakuru na Elmenteita ni ya magadi. Ziwa la namna hiyo, lisilo na mlango wa kutokea unaoonekana, hupanda mvua ikizidi milimani na hushuka ukame ukija. Mwanzoni mwa karne iliyopita lilikuwa juu sana. Kufikia miaka ya 1940 lilikuwa limenywea. Baada ya mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 likapanda tena. Mwaka 2009, katika ukame ule mkali, likashuka hata watu wakaanza kusema linakufa. Na hili si jambo lililogunduliwa jana. Mwaka 1933 serikali ya kikoloni na wenye mashamba ya ukingoni walipatana kwamba ardhi iliyo chini ya kimo ambacho maji yalifikia mwaka 1906 itumike kwa malisho na kilimo, lakini isijengwe majengo ya kudumu. Walijua maji yataidai. Amana ni mali ya mwenyewe iliyowekwa kwako. Unaitunza, unaitumia kwa ruhusa, siku akija unairudisha.

Mimi nilinunua ploti yangu ya hamsini kwa mia mapema mwaka 2010. Nikikumbuka siku ile naiona kama fumbo lilelile. Aliyeniuzia alinitembeza kutoka bikoni moja hadi nyingine. Mvua zilikuwa hazijarudi vizuri, na ziwa lilikuwa mbali, mstari mwembamba wa buluu. Niliuliza maswali ambayo kila mnunuzi huuliza: karatasi zipo? Zipo. Barabara itapita? Itapita. Stima iko karibu? Iko. Majibu yote yalikuwa ya kweli. Yalikaa vizuri, kama UKINGO na KIHOTO.

Lakini nilipopiga ncha ya kiatu chini, udongo ulikuwa wa kijivu, mwepesi kama unga uliochekechwa, na ndani yake mlikuwa na vigamba vidogo vya konokono wa majini. Niliokota kimoja. Kilivunjika katikati ya vidole, na nilijipangusa mkono kwenye suruali nikaendelea kutembea. Kwenye pembe ya ploti palikuwa na visiki vya mafunjo, vikavu, vimelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Mama mmoja mzee aliyekuwa akilisha mbuzi hapo alisema, bila kuulizwa, kwamba yeye alipokuwa msichana walikuwa wanavua samaki mahali pale. Nilimshukuru. Nilidhani ananisimulia ya zamani tu.

Konokono, mafunjo, na maneno ya mzee: dalili tatu katika nusu saa. Kila moja niliipokea peke yake, nikaipatia sababu yake, nikaiacha. Sikuziweka pamoja ziulizane.

Wala sikuwa peke yangu, na siandiki haya kuwalaumu majirani zangu. Watu walikuja Naivasha kutafuta kazi katika mashamba ya maua, kodi ya nyumba mjini ikawa juu, na ardhi ya karibu na ziwa ikawa ndiyo unayoifikia mfuko wa mtu wa kawaida. Wengi walinunua kwa jasho la miaka. Mtu aliyesimama kwa saa nyingi akikata mawaridi, jioni akitembea kwenda nyumbani kwake mwenyewe badala ya nyumba ya kupanga, ni nani wa kumcheka?

Mwaka 2020 ziwa lilibisha hodi. Maji yaliingia Kihoto, viboko wakawa wanapita usiku kati ya nyumba, na vyoo vya shimo vikajaa. Haikuwa sisi tu. Baringo, Nakuru, Turkana, maziwa mengi ya Bonde la Ufa yalipanda, na ripoti ya serikali iliyotolewa mwaka 2021 ilihesabu zaidi ya kaya 75,000 zilizoathirika nchini. Ripoti hiyo ilitaja mvua zilizoongezeka, misitu iliyokatwa na udongo unaoporomokea mitoni. Yaani milima ya juu ilikuwa inatuambia kitu kupitia Malewa.

Maji yalipopungua kidogo, baadhi yetu tulirudi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko kununua. Mwaka 2010 ningeweza kusema sikujua. Mwaka 2020 nilijua, nikapaka rangi upya ukutani juu ya alama ya maji. Nilipandisha kizingiti cha mlango kwa matofali mawili, nikajiona nimetatua jambo. Nilikuwa nimeukubali mto usio na mahali pa kuingia, nikaendelea kuiamini ardhi.

Oktoba na Novemba 2025 ziwa lilirudi, na safari hii halikusimama kizingitini. Nyumba zilizama hadi madirishani. Tulihamisha magodoro na masufuria kwa boti zile zilizokuwa zikiwatembeza watalii. Makadirio ya kaunti siku hizo yalitaja watu takriban 7,000 waliolazimika kuondoka Kihoto. Nyumba yangu niliiona mara ya mwisho nikiwa ndani ya boti. Rangi ile niliyopaka ilikuwa chini ya maji, na bati tu ndilo lililokuwa likimeta.

Ndugu msomaji, kama unataka kununua mahali popote karibu na ziwa, uwe Baringo, Naivasha au kwingineko, usianze na karatasi. Karatasi ni muhimu, lakini zinaweza kuwa halali kabisa na maji yakaja vilevile. Anza na mto: unatoka wapi, unaishia wapi, na umewahi kufika wapi. Tafuta mpimaji akuonyeshe kimo cha ploti na kimo cha juu cha maji kinachojulikana. Watafute wazee watatu wasiojuana na muuzaji, uwaulize walivua wapi na walilisha wapi. Angalia kinachoota. Na ukipata dalili moja inayokataa kukaa na nyingine zote, usiharakishe kuifukuza. Futa ulichoandika kwanza.

Nilimuuliza mwalimu kama watoto wamelijaribu fumbo lile. Akasema mjukuu wake, wa miaka tisa, alilimaliza kabla ya chakula cha jioni. Alianza na mto, kwa sababu ndio aliokuwa na uhakika nao, na Malewa ukampa ile A. Alipofika kwenye kidokezo cha visanduku vitano naye alifikiria ardhi, akaona haikubaliani na mto, akaenda jikoni kumuuliza mama yake mtu akikuachia kitu utakachomrudishia kinaitwaje.

Wiki iliyopita mtoto wa shangazi yangu alinipigia simu kutoka ng'ambo ya pili ya ziwa. Amepata ploti, bei nafuu, maji yako mbali, na muuzaji anataka arubuni kabla ya Jumamosi. Akaniomba nimsaidie kukagua hati. Nikamwambia nitakuja, lakini kwanza anieleze hapo pembeni mwa bikoni kumeota nini. Alinyamaza. Nilisikia upepo kwenye simu, nadhani alikuwa amesimama palepale. "Kuna kama matete hivi," alisema, "lakini yamekauka." Nikamwomba asiondoke hapo, achimbe kidogo kwa ncha ya kiatu, aniambie anaona nini.