Matokeo ya Mtoto wa Mwenzio

Baraza la Mitihani linapotoa matokeo ya kidato cha sita, mitaa yetu ya Kikuyu, Dodoma, huwa na kazi moja. Watu wanazunguka simu, ukurasa wa shule unafunguliwa, kidole kinashuka: namba ya mtahiniwa, jinsia, pointi, daraja, masomo. Jina halipo. Ndipo mmoja anauliza, "Hivi binti wa mama fulani namba yake ngapi vile?" Ikipatikana, picha inapigwa na kurushwa kwenye kundi la mtaa. Hadi magharibi, mtoto wa watu anaona haya kwenda dukani kununua chumvi.

Ndugu yangu, huko ni kumvua mtu nguo hadharani. Baraza lenyewe linatoa namba bila jina, na tangu Januari 2023 limeacha kutangaza wanafunzi na shule kumi bora. Wewe nani kakupa kazi ya utangazaji?

Tena wengi wanaohukumu hawajui hata hesabu yenyewe. Kwenye madaraja ya Baraza, A ni pointi 1, hivyo mwenye pointi chache ndiye bora. Kwenye sifa za kuingia chuo kikuu A ni pointi 5, na mwenye nyingi ndiye bora. Kijana mwenye C, D na S ana pointi 13, yaani daraja la tatu, na mtaa umeshamzika. Kumbe C na D zake zinampa pointi 5, na kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ni pointi 4 kwa masomo mawili. Kozi nyingine zitamtaka zaidi, lakini mlango haujafungwa.

Utaniambia mficha uchi hazai. Ni kweli, mwenye shida hana budi kuisema. Ila mficha uchi huchagua mwenyewe mkunga wa kumfunulia. Haitiwi mtaa mzima. Na aliyefaulu naye aachiwe furaha yake. Ukimsifia Asha ili Rehema asikie, hujamsifia Asha.

Nawe mzazi, ghadhabu ya siku ile imeze. Ada uliyolipa unaijua wewe, na mtoto anaijua pia. Usimhesabie mbele ya wageni. Kesho yake kaeni wawili, msome somo kwa somo, muulizane kozi ipi, chuo kipi, au stashahada kwanza.

Wanaosoma Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana hapa jirani, palipokuwa sekondari ya Mazengo, tunapishana nao kila siku. Hatuwaulizi walipata daraja gani, na salamu zinakwenda vizuri tu. Basi na huyu wa leo tumpe salamu hiyohiyo. Kama unajua kozi inayomfaa au tarehe ya mwisho ya maombi, piga hodi kwao ukaseme. Kama hujui, msalimie upite.