Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 11: Kiwavi Akilala Usimguse



Tumeingia kumi la pili. Jana baada ya Isha niligeuka nikaona safu mbili nzima zimepungua. Kila mwaka huwa hivyo, na leo sitawasema waliopungua. Leo nataka tuzungumze habari za nondo. Mafundi msishtuke, si zile za zege. Ni mdudu, jamaa yake kipepeo, yule ambaye watoto wa Juzuu Amma wanamjua kutoka Suratul Qaari'ah, pale hali ya watu siku ile inapofananishwa na wadudu hao waliotawanyika.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa sayansi alikuwa akifuga nondo wa hariri ndani ya boksi la katoni, nyuma ya darasa. Asili ya mdudu huyu ni China, na binadamu amemfuga kwa maelfu ya miaka mpaka leo porini hayupo tena. Nondo mwenyewe ni mweupe wa maziwa, mnene, mwili una manyoya, mabawa yana mistari hafifu ya kahawia, na kichwani ana vipapasio viwili kama vichana vidogo. Mabawa anayo lakini kuruka hawezi. Dume huyapigapiga tu akizunguka kumtafuta jike. Tangu atoke kwenye kifuko chake hali kitu. Jike anataga mayai kama 300 hadi 500, kila yai dogo kama kichwa cha pini, na baada ya siku chache wote wawili wanakufa. Mwenzetu mmoja darasani akasema, "Huyu kafunga bila futari!" Tulicheka sana.

Chakula chote alikula akiwa kiwavi. Akitoka kwenye yai ni kama kipande cha uzi mweusi, milimita mbili tatu hivi. Anakula majani ya mforosadi usiku na mchana, na wakiwa wengi unasikia mlio wake, kama manyunyu ya mvua juu ya majani. Kwa muda wa wiki nne hivi anafika sentimita 7, na uzito wake unakuwa karibu mara 10,000 ya ule aliozaliwa nao. Kisha anajifungia ndani ya kifuko cha uzi anaoutoa mwenyewe mdomoni, uzi mmoja usiokatika, mita zaidi ya 600, wengine hupita 1,000. Ndiyo hariri hiyo. Sisi wanaume tumekatazwa kuivaa, lakini hatukukatazwa kumtafakari anayeitengeneza.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo nilipotaka kukufikisha.

Kiwavi anakua, ngozi yake haikui. Inafika mahali inambana. Basi mara nne katika maisha yake anaacha kula. Anajishikiza kwenye tawi au jani kwa nyuzi chache, anainua kichwa juu, anatulia kimya kama siku moja nzima. Wafugaji wanasema amelala. Hajalala. Ndani yake ngozi mpya inaumbika chini ya ile ya zamani, na akiwa tayari anajivuta atoke, akiiacha ya zamani nyuma pale alipoifunga. Mkufunzi wetu alikuwa mpole, lakini siku hizo alikuwa mkali. Hakuna kugusa boksi, hakuna kubadilisha majani. Ukimng'oa kiwavi mahali alipojishikiza, ngozi ya zamani inakosa pa kushikwa, anashindwa kuivua, anafia ndani yake. Na kwa macho yako ulimwona kama mvivu asiyekula, ukataka kumsaidia.

Mwaka jana, siku za mwanzo za Ramadhani, aliingia msikitini kijana mmoja wakati wa Isha. Sitamtaja. Alivaa jezi yenye jina la mchezaji mgongoni, na alikuwa akitazama wenzake pembeni ili ajue lini arukuu. Tulipotoa salamu mzee mmoja akamsema kwa sauti. Na mimi imamu wenu, badala ya kumtuliza mzee, nilichukua kipaza sauti nikatoa maneno marefu kuhusu mavazi ya msikitini. Niliyosema yalikuwa sahihi. Kijana aliondoka kabla ya rakaa ya nne ya tarawehe.

Mnaijua habari ya bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam. Masahaba waliinuka kumkemea. Mtume akawazuia, wasimkatize, wamwache amalize. Baadaye pakamwagwa maji, na yule mtu akafundishwa kwa upole kazi ya msikiti ni nini. Angalia mpangilio wake: kwanza aachwe amalize, ndipo somo la upole na maji. Mimi nilianza na somo, tena kwa spika.

Najua kuna mtu atanijibu hapa, "Sheikh, sasa tusikatazane maovu?" Tukatazane. Lakini jezi siku ya kwanza ya mtu aliyerudi kwa Mola wake baada ya miaka si ovu la kutangaziwa msikiti mzima. Ana mambo makubwa zaidi anayoyavua, wewe huyaoni. Kama lipo la kumwambia, mwambie mkiwa wawili, akiwa ameshazoea njia ya kuja.

Mwezi wa Shaabani nilimfuata kijiweni kwake nikamwomba radhi. Akanipa shikamoo, akasema, "Nitakuja, sheikh, inshaallah." Nimekuwa nikiangalia mlango usiku kumi sasa. Hajaja bado.

Leo Isha ni saa 2:00, tarawehe itafuata. Wazee wangu wa safu ya kwanza, nawaomba kwa heshima: akiingia mtu mgeni, kwa nguo yoyote, msogezeeni nafasi mkae kimya. Vijana, sandali zake mkizikuta zimewekwa pasipo pake, zipangeni tu.

Ewe Mola, tukubalie funga zetu, na umrudishe kila tuliyemfukuza kwa ndimi zetu. Aamin.