Zamu ya Kuwa Mgeni

Robanda ni kijiji cha Waikoma, jirani kabisa na lango la Ikoma la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mtoto wa darasa la kwanza pale anaijua likizo ya Mjerumani kabla hajaijua ya kwake. Anaijua kwa rangi ya gari, kwa kofia, kwa mkono unaopungwa dirishani. Anajua kwamba watu wale wameacha kazi zao, wamepanda ndege na watoto wao, wamekuja kutazama nyumbu ambao kwa babu yake walikuwa kitoweo. Kwake yeye likizo ni shule kufungwa, na shule ikifungwa kazi ni zile zile za nyumbani: kuchunga, kuteka maji, kufukuza nyani shambani. Mwenye bahati hupelekwa kwa bibi Mugumu au Tarime.

Swali ninalotaka kulijadili linaonekana dogo. Je, ni sawa familia ya kipato cha kawaida kutumia akiba yake kwenda kupumzika ufukweni, tena nchi nyingine, wakati ndugu zake wana shida ambazo pesa hiyo hiyo ingeziondoa? Nalijadili kwa sababu liko mezani kwetu. Dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Shemeji ni mhudumu katika kambi ya mahema ya watalii. Wana watoto watatu, wa miaka 13, 9 na 6, na mwaka huu wameamua kwamba watoto wataiona bahari. Mimi niko chuo kikuu nasoma shahada ya uzamili, na kwa familia yetu hiyo maana yake ni kwamba najua kutafuta bei mtandaoni. Kazi ya kupiga hesabu nikapewa mimi.

Kila aliyesikia ameuliza kwa nini Kenya na si Dar. Jibu ni ramani. Kutoka Robanda kwenda Dar es Salaam unazunguka Mwanza, Shinyanga, Singida na Dodoma. Ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, na watoto wanafika wamevimba miguu. Lakini ukishuka Mugumu, ukapita Tarime hadi Sirari, umeshafika mpakani, na basi la usiku mmoja linakufikisha Nairobi alfajiri. Toka hapo kuna treni ya SGR iliyoanza mwaka 2017. Siti ya daraja la kawaida hadi Mombasa ni shilingi 1,500 za Kenya tangu Januari 2024, na mtoto mdogo hulipa nusu. Mombasa unavuka kivuko cha Likoni kwa miguu bila kulipa, kisha matatu hadi Diani. Kwetu sisi watu wa Mara, bahari ya ugenini iko karibu kuliko ya nyumbani. Mipaka haikuchorwa kwa kufikiria watoto wa Robanda.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Pasipoti ni shilingi 150,000 kwa kila mtu. Watu watano, 750,000. Hapo safari ingekufa. Hati ya dharura ya kusafiria ni 20,000, kwa hiyo 100,000 kwa wote. Usafiri wote, kwenda na kurudi, 640,000. Chumba chenye jiko kwa usiku nne, mbali kidogo na ufukwe, 240,000. Chakula na mengineyo, 220,000. Jumla milioni moja na laki mbili. Ufukwe wenyewe ni bure: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 62, inaihesabu ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Hoteli inaweza kukuuzia kiti na mwavuli. Mchanga wanaokanyaga wageni wake baada ya maji kupwa haiwezi kukuuzia.

Milioni moja na laki mbili ni ng'ombe mmoja mzuri na chenji. Baba mkwe wa dada aliisikia hesabu hiyo, akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo ng'ombe anakwenda kunywa maji ya chumvi." Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka tu kitu kiitwe jina lake.

Kabla ya kuzungumzia maadili kulikuwa na tatizo la kalenda, ambalo nalo ni la kimaadili. Shule zetu hufungwa Juni na Desemba. Juni ndipo nyumbu wanapopita ukanda wa magharibi na kambi zinaanza kujaa. Desemba ni Krismasi, zimejaa tena. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo kila mwaka, lakini mwenye kauli ya lini ni mwajiri. Shemeji hupata zake Aprili au Mei, masika, wageni wakiwa wachache na watoto wakiwa darasani. Yaani baba anayewaandalia chai watoto wa wenzake walio likizo hawezi kuwa likizo pamoja na wa kwake. Wakati wa mapumziko ya familia moja ndio wakati wa kazi kubwa ya familia nyingine.

Hapa napenda kurudi kwenye neno moja. "Shule" tulilipata kwa Wajerumani, hao hao waliojenga ngome pale Ikoma. Wao walilipata katika Kilatini, na Kilatini katika Kigiriki, ambako skholē ilikuwa na maana ya wakati wa mapumziko: wakati wa mtu huru, asiyesukumwa na kazi, anayeweza kukaa akafikiri. Aristotle aliona kwamba tunafanya kazi ili tupate wakati huo. Sehemu mbaya ya fikra yake ni kwamba wakati huo ulikuwa wa wachache, kwa sababu watumwa na wanawake walikuwa wanafanya kazi. Neno limesafiri miaka zaidi ya elfu mbili hadi kwetu, na bado tunabishana nani anastahili.

Wengine wamebishana kabla yetu. Mwaka 1936 serikali ya Ufaransa ilitunga sheria ya wiki mbili za likizo yenye malipo kwa wafanyakazi, na ikaweka tiketi ya treni yenye punguzo la asilimia 40 ili waweze kusafiri. Familia nyingi za viwandani ziliiona bahari kwa mara ya kwanza kiangazi hicho, na wapo wenye mali waliolalamika kwamba fukwe zimevamiwa. Mwaka 1948 Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, ibara ya 24, likaandika mapumziko kuwa haki ya kila mtu. Haki hiyo iko kwenye orodha moja na haki ya elimu. Ila sijawahi kusikia harambee ya kumchangia mtu apumzike.

Wanaopinga safari ya dada wana hoja nzito kuliko wivu. Mwaka 1972 mwanafalsafa Peter Singer aliandika kwamba ukipita kando ya bwawa ukamwona mtoto anazama, utaingia hata kama nguo zako zitaharibika. Basi kwa nini unanunua nguo mpya wakati mtoto wa mbali anakufa kwa kukosa kitu cha bei hiyo hiyo? Kwake umbali hauna uzito wa kimaadili. Nilipoisoma hoja hiyo mara ya kwanza darasani, wenzangu waliiona kali. Mimi niliona ni ya kawaida, kwa sababu kwetu ndivyo watu wanavyoishi, isipokuwa kwamba umbali una uzito wote. Anayeulizwa ni aliye karibu. Mgeni aliyelala kwenye hema kwa usiku mmoja, kwa bei inayozidi mshahara wa mwezi wa aliyelitandika, haulizwi na mtu, maana si mtoto wa fulani. Dada anaulizwa kwa sababu ni mtoto wa fulani.

Na huyo fulani ana haki ya kuuliza. Dada aliposoma chuo cha ualimu, baba mdogo aliuza dume ili amlipie mwaka wa pili. Sasa mtoto wa baba mdogo amepata nafasi chuoni, na ada inayotakiwa Januari haijatimia. Upungufu ni laki nane. Kwa hiyo tukiliuliza swali bila mapambo: bahari, au mtoto wa mtu aliyeuza dume kwa ajili yako?

Njia rahisi ambayo watu wengi hupita ni kudanganya. Ukisema unakwenda Nairobi kutibiwa, utachangiwa. Ukisema unakwenda msibani, utapewa pole. Ukisema unakwenda kuogelea na wanao, utasemwa mpaka Pasaka. Kwa hiyo watu wanaopumzika hupumzika kwa siri, kama wanaoiba, na picha wanazitazama wenyewe chumbani. Nadhani ubaya uko hapa zaidi kuliko kwenye matumizi yenyewe. Uongo unamnyima ndugu nafasi ya kukubali au kukataa. Unageuza undugu kuwa mahakama ambayo mshtakiwa hahudhurii.

Dada hakudanganya. Alikwenda kwa baba mdogo akiwa na laki tatu mkononi, akaeleza kila kitu: safari, hesabu, na kwamba anachoweza kutoa kabla ya Januari ni hiyo. Baba mdogo alikuwa mlinzi wa usiku katika loji kwa miaka 19. Kazi yake ilikuwa kumsindikiza mgeni na tochi kutoka mezani hadi kwenye hema, kisha kukaa macho ili simba na nyati wasimkaribie. Alizipokea pesa, akazihesabu, akasema: "Mwanangu, nimelinda usingizi wa watu miaka yote ile, sikuwahi kumuuliza hata mmoja amemwacha nani nyumbani na shida gani. Iliyobaki nitahangaika nayo, chuo wanapokea kwa awamu. Ila mkirudi usije ukaniambia mlikuwa msibani."

Sisemi maneno hayo yanamaliza swali. Angeweza kukataa, na angekuwa na haki. Lakini yananisaidia kupata kipimo. Si kila hitaji la ndugu linaifuta haki yako ya kupumzika, na si kila hitaji linaweza kusubiri. Naona cha kuuliza ni hiki: nisipotoa leo, je, kitaharibika kitu ambacho hakiwezi kutengenezwa tena? Upasuaji hausubiri. Ada inayolipwa kwa awamu, kwa maumivu, husubiri. Deni la shukrani ni deni kweli, lakini deni lisilo na kiwango haliitwi shukrani tena, ni umiliki. Na upande wa pili wa mizani nao hausubiri milele: mtoto wa miaka 13 baada ya miaka michache hatataka kwenda popote na mama yake. Utoto nao haurudi.

Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake, yaani anayezunguka bila kazi hujichosha bure. Lakini wahenga hao hao walituhimiza kutembea tujionee. Kwa mtoto wa Robanda kuna kitu cha pekee cha kujionea. Amezaliwa mahali ambapo watu huja kutazama, na yeye yumo ndani ya kinachotazamwa. Wapo wanaosema aende Musoma, ziwa lipo. Lipo, na ni zuri, pamoja na kichocho chake na mamba wake. Lakini Musoma ni nyumbani; atapokelewa na shangazi na kupewa ndoo. Ni vyema mara moja katika maisha afike mahali ambapo yeye ndiye hajui njia, ndiye anayeuliza bei, ndiye anayeshangaa na watu wanatabasamu. Akirudi, akiona gari limesimama barabarani na mtu ametoa kichwa, atajua mtu huyo ana hali gani. Kumwelewa mgeni ni vigumu kama hujawahi kuwa mmoja.

Linabaki jambo moja, na ndilo linalonisumbua kuliko la baba mdogo. Safari imepangwa Desemba, na likizo ya shemeji bado haijajibiwa. Kambi imejaa hadi Mwaka Mpya. Huenda dada atakwenda na watoto peke yake. Na kule Diani, chumba tulichopata kwa bei nzuri kina mama anayefagia na kupika. Shule za Kenya nazo zitakuwa zimefungwa. Watoto wake watakuwa nyumbani bila yeye, akiwapikia wetu. Tumetoka kwenye swali letu tukaingia kwenye la mtu mwingine, na safari hii sisi ndio gari linalopita.

Kila nilipopata bei ya chini nilifurahi, halafu nikajiuliza nani anaibeba tofauti. Nafuu mara nyingi ni gharama iliyohamishiwa kwa mtu usiyemwona. Sidhani jibu ni kutokwenda, kwa maana mama yule anazihitaji siku hizo za kazi kama shemeji anavyozihitaji za kwake. Dada, ambaye hajasoma Singer, alichukua karatasi yangu ya hesabu, akapunguza usiku mmoja wa kulala, na chini ya mstari wa chakula akaandika kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia: "Mama wa jikoni, 40,000, apewe siku ya kwanza." Nikamuuliza kwa nini siku ya kwanza. Akasema ya siku ya mwisho mtu huitumikia kwa wasiwasi, kama mumewe.

Sasa tunangoja jibu la likizo.