Je, Asiyekusudia Hana Hatia?

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, tulikuwa tukirudi kutoka Iringa kwenda Morogoro, watu wanne ndani ya gari, na jua lilikuwa karibu kutua. Ndugu msomaji, kama umepita njia ile unajua kwamba barabara kuu inakata Hifadhi ya Mikumi kwa kadiri ya kilometa 50. Kandokando vimesimamishwa vibao vya kupunguza mwendo, na vingine vinavyotaja faini ya kila mnyama atakayegongwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha. Tulikuwa tumechelewa, nami sikupunguza mwendo.

Ghafula twiga akatokea vichakani upande wa kushoto. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Gari likaserereka, likasimama hatua chache tu kutoka miguuni pake. Akatutazama, kisha akavuka polepole. Nilipotaka kuondoka, mzee aliyeketi kando yangu alinishika mkono, akasema, "Ngoja kidogo, mwanangu." Punde si punde mtoto wa twiga akatoka vichakani, akamkimbilia mama yake.

Njiani nilijitetea: "Mzee, hata kama ningaliwagonga, sikukusudia."

Akajibu, "Kugonga hukukusudia. Mwendo je?"

Sikuwa na jibu.

Ni kweli kwamba aliyeua kwa kukusudia na aliyeua kwa ajali hawako sawa. Lakini katika kitabu cha Kutoka, Sheria ya Musa inaeleza habari za ng'ombe aliyempiga mtu pembe akafa. Kama tabia hiyo haikujulikana, mwenye ng'ombe hana hatia. Bali kama ng'ombe alikuwa amezoea kupiga pembe, na mwenyewe alikwisha kuonywa asimzuie, basi hatia ni yake. Nadhani motokaa ndiyo ng'ombe wetu, na vile vibao ndivyo onyo. Aliyekwisha kuonywa hawezi kusema ni bahati mbaya tu.

Wengine watasema, "Mnyama ni mnyama, lipa faini, yaishe." Faini ni haki kulipwa, lakini haimrudishii mtoto mama yake. Tena hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1964, na wanyama walikuwa wakipita pale kabla ya lami. Twiga hawezi kusoma kibao. Kwa hiyo wajibu wote unamwangukia yule ajuaye kusoma.

Wala jambo hili haliishii kwa wanyama. Mguu ule ule uliokanyaga mafuta Mikumi ndio unaopita vijijini, watoto wakivuka kwenda kisimani, nao pia hawajui tumechelewa wapi.

Jioni ile tulifika Morogoro usiku, tumechelewa zaidi. Waliotungojea walitupashia chakula moto, tukala. Hilo ndilo lililokuwa gharama yote ya kwenda polepole.